Sanduku la Jua la Fundi Mwinjuma

Nyumba ya Gaspar iliungua ikiwa imefungwa kufuli, saa saba mchana, na ndani yake hamkuwa na hata kijiti kimoja cha kiberiti. Jambo hilo ndilo lililowaduwaza watu wa Kinondoni mwaka ule wa 1953. Moto wa kawaida walikuwa wakiujua: cheche imerukia makuti, kibatari kimepinduka, mtu kasahau chungu jikoni. Lakini Gaspar, karani wa mizigo bandarini, alikuwa kwao Bukoba kwa likizo tangu majuma mawili yaliyopita. Mafiga yake yalikuwa baridi, taa zake hazikuwa na mafuta, na paa lake lilikuwa la bati. Hata hivyo moshi ulitoka juu, ukawa mweusi, ukawa mzito, na kabla majirani hawajamaliza kuulizana, moto ulichomoza kwenye kenchi za paa na bati likaanza kulia kama linalopigwa mawe.

Mwinjuma bin Fakihi, fundi bomba wa Mtoni, alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale akibadilisha koki. Aliacha vifaa vyake chini akakimbia. Alirusha mchanga, akapokea madebe ya maji, akavunja kufuli kwa nyundo yake mwenyewe kabla mwenye ufunguo hajafika. Moto ulipozimwa, chumba cha kulala na cha kuogea havikuwa na paa tena. Mwinjuma alisimama kati ya watu akitweta, shati limemganda mgongoni, haamini anachokiona.

Pembeni yake alisimama Albano, mtumishi wa Gaspar, mtu wa makamo kama yeye, ameshika debe tupu na macho yamemtoka. Albano alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mwinjuma alikuwa Mzaramo, na baina ya makabila hayo mawili kuna utani wa tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani humwambia mtani wake lolote, hata msibani, hata kaburini. Ndiyo kazi yake, kuwarudishia watu pumzi pale walipoishiwa. Miaka minne wawili hao walikuwa wakitukanana kila walipoonana, na hakuna aliyewahi kukasirika.

Kwa hiyo Mwinjuma alifanya alichofundishwa na wazee wake.

"Ewe Mnyamwezi!" akapaza sauti. "Umemchomea Mhaya wa watu nyumba! Si uliniambia mwenyewe, siku aliyokunyima ruhusa ya kwenda kwenu, kwamba utamkaanga?"

Watu wakacheka, kicheko cha watu walioogopa. Albano alifungua mdomo amjibu, na jibu lilikuwa tayari, lilionekana kwenye pembe ya midomo yake. Halikutoka.

"Nani kasema maneno hayo?"

Alikuwa Sajini Jabiri, amefika na askari wawili. Babu zake Jabiri walitoka Sudani. Yeye alizaliwa kambini, akakulia kambini, na utani wa Wazaramo na Wanyamwezi aliuona kuwa kelele tu.

"Nimesema mie, Afande," Mwinjuma akajibu. "Lakini huyu ni mtani wangu."

"Sikukuuliza ni nani wako. Alisema atamkaanga mwajiri wake, au hakusema?"

"Alisema, lakini kwa—"

"Na ufunguo anao nani?"

Ufunguo ulikuwa ukining'inia shingoni mwa Albano kwa uzi wa katani.

Sajini aliandika kwa penseli yake fupi, taratibu, herufi baada ya herufi. Alipomaliza, Albano alitiwa pingu. Alipopitishwa mbele ya Mwinjuma alimtazama tu, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua jina lake.

Usiku ule na uliofuata Mwinjuma hakupata usingizi wa maana. Mkewe, Zuena, alimwuliza kulikoni, akajibu ni joto. Kweli joto lilikuwepo, lile la Februari, hata bati huwezi kuligusa tangu saa tatu asubuhi. Lakini alichokuwa akikiona kila alipofumba macho ni ile penseli.

Siku ya tatu, mchana, alikuwa uani akiunga bomba kwa risasi iliyoyeyushwa, na Zuena alikuwa jikoni akikaanga papa mkavu. Harufu ikamfikia. Mwinjuma aliweka chini chuma cha kuungia. Akanusa tena.

"Mama Hamisa," akaita, "hivi Wahaya wanakula papa?"

"Papa? Wale wanaziba pua wakipita hata mlangoni kwetu. Kwa nini?"

Mwinjuma alikuwa amekumbuka maneno ya jirani mmoja wa Gaspar, bibi muuza maandazi, aliyoyasema siku ya moto akiwa anachota mchanga kwa kata. Alisema kabla ya moshi alisikia harufu ya papa wa kukaanga, akashangaa: nani anakaanga papa kwa karani wa Bukoba, na nyumba imefungwa? Wote walimpuuza. Mwinjuma naye alimpuuza.

Aliinuka akaenda kwenye banda lake la vifaa. Mle ndani yalikuwemo masanduku mawili mapya yaliyoagizwa na mwenye shamba mmoja wa Mbezi, na kando yake debe la sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi wa mashua hupaka mbao zisiliwe na wadudu. Alifungua kifuniko. Harufu ikampiga usoni, akakaa juu ya debe la misumari.

Hapa lazima ielezwe juu ya masanduku yale, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa maisha ya Mwinjuma.

Alianza kazi akiwa mchukuzi wa mabomba kwa kontrakta mmoja wa Kihindi, akajifunza kuunga kwa kutazama, na mwaka 1949 alitumwa Msasani kuziba tangi la Mzungu mmoja mhandisi. Juu ya paa alikuta sanduku bapa lenye kioo, limelazwa likitazama jua, na ndani yake mabomba membamba juu ya bati jeusi. Mpishi wa nyumba ile alimwambia maji ya kuoga yanatoka humo. Mwinjuma alicheka, akaweka mkono chini ya koki, akaurudisha kwa ukelele. Maji yalikuwa ya moto kama ya chai! Hapana kuni, hapana makaa, hapana mtu aliyepuliza. Alishinda juu ya paa lile mpaka mhandisi akaja kuuliza kama tangi limemshinda.

Miezi mitatu baadaye alikuwa na lake. Mbao alitoa kwenye makasha ya shehena, kioo alinunua kwa fundi wa picha, bati akalipaka rangi nyeusi. Maji yalishuka kutoka kwenye pipa lililowekwa juu kidogo, yakapita sandukuni, yakarudi yamepata moto. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Mzungu alikuwa ameweka chini ya bati lake sufi fulani ya kutoka Ulaya, ya kuzuia joto lisipotee. Mwinjuma hakuwa nayo. Akaweka usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Usumba ulizuia joto vizuri sana, lakini masika ya kwanza ukaoza na mchwa wakaujia. Ndipo alipomkumbuka babu yake, fundi wa mashua, na debe lake la sifa. Akaloweka usumba katika sifa, akaukausha kivulini, akaushindilia. Mchwa hawakuonekana tena. Wazo lile alijivunia kuliko mengine yote, kwa sababu halikutoka kwa Mzungu yeyote. Lilikuwa la kwao.

Watu waliliita sanduku la jua. Kufikia mwaka 1953 yalikuwa sita juu ya mapaa, Kinondoni na Temeke, na moja lilikuwa juu ya paa la Gaspar.

Sasa Mwinjuma alikaa juu ya debe la misumari akijiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza. Miaka minne masanduku yamekaa juani na hayakuungua. Kwa nini hili?

Jioni ile alimfuata Nassibu, kijana wa afya aliyepita nyumba kwa nyumba akikagua mapipa, ambaye watu walimwita Bwana Mbu.

"Shikamoo, Fundi," Nassibu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, kwa Gaspar ulipita lini?"

"Jumatatu, kabla ya moto. Pipa lilikuwa limejaa viluwiluwi, na mwenyewe hayupo. Nikamwambia yule mtumishi afungue koki amwage yote. Akamwaga mbele yangu. Nilikosea?"

"Hata kidogo," Mwinjuma akasema. "Mie mwenyewe nimewaambia wote. Ukisafiri, toa maji."

Jumatatu yametolewa maji, Jumatano nyumba imeungua. Sanduku lenye maji hupoteza joto lake kwa maji. Sanduku kavu, je, joto linakwenda wapi, kama si kwenye usumba uliolowekwa sifa?

Asubuhi yake alikwenda kituoni kumwona Albano. Walimruhusu kusimama nje ya nondo. Albano alikuwa amekaa sakafuni, ndevu zimemwota.

"Vipi Mnyamwezi," Mwinjuma akajaribu, "serikali inakulisha vizuri, naona umenenepa."

Albano hakuinua kichwa. "Mie sina mtani, Fundi. Wanasema ni miaka saba. Mama yangu Tabora hatakaa miaka saba."

Mwinjuma alikuwa amezika wazazi wake wawili, na mazishi yote mawili Albano alikuja kumtania hadi akacheka. Kimya hiki hakuwahi kukisikia. Alirudi nyumbani kwa miguu, kutoka Kinondoni hadi Mtoni, bila kusalimia mtu.

"Ukisema ni sanduku," Zuena alimwambia usiku ule, "nani atakuita tena juu ya paa lake? Tutakula nini?"

"Sijui, mama Hamisa."

"Na kama si sanduku? Utakuwa umejiharibia jina bure."

"Hilo nalo sijui. Ndiyo maana nataka kulijua mbele ya watu."

Kesho yake, saa tatu, mkokoteni uliingia uwanja wa kituo ukiwa na masanduku mawili, debe la maji na matofali manne.

"Fundi," alisema Sajini Jabiri kutoka barazani, "hapa ni kituo, si karakana."

"Naomba jua tu, Afande. Nipekue mifuko. Sina kiberiti, sina sigara, hata tumbaku sina. Haya masanduku mawili ni pacha, nimeyatengeneza juma moja. Moja nalijaza maji. La pili naliacha kavu, kama lilivyokuwa la Gaspar. Kisha tukae."

"Tukae tungoje nini?"

"Ama tungoje moto, ama tungoje watu wanicheke."

Sajini alimpekua kwelikweli, hadi kwenye kofia. Kisha, pengine kwa kuwa siku ilikuwa ndefu na haina kazi, akakubali. Mwinjuma aliomba Albano atolewe aone. Akatolewa, akakalishwa ukutani na pingu zake. Nassibu naye alikuja, akaeleza mbele ya Sajini kwamba yeye ndiye aliyeamuru maji yamwagwe.

Masanduku yaliegemezwa kwenye matofali yakitazama jua. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Wauza mihogo walijaa kwenye ua wa kituo.

"Fundi, chai itakuwa tayari saa ngapi?" mmoja akauliza.

"Anapika kwa jua, huyo! Mwambieni mkewe auze mafiga!"

"Mzaramo kachoka kutembea, kaleta masanduku yake yaote jua kwa niaba yake!"

Saa sita, Sajini alifungua koki ya sanduku lenye maji, akaungua kidole, akatukana kwa lugha ya kambini. Watu wakacheka. Sanduku kavu lilikaa kimya tu, kioo chake kinang'aa, halina neno. Mwinjuma alihisi jasho likimtiririka miguuni. Alitambua, kwa mshtuko, kwamba sehemu moja ya moyo wake ilikuwa ikiliombea lisiungue. Akamtazama Albano pale ukutani, akaona haya.

Saa saba kasoro kidogo, bibi mmoja wa mihogo alinyoosha shingo.

"Nani anakaanga papa?"

Kicheko kikakatika. Wote walinusa. Askari mmoja alichungulia jikoni mwa kituo, akarudi akitikisa kichwa. Mwinjuma alisimama polepole. Kwenye pembe ya chini ya sanduku kavu, pale mbao mbili zilipokutana, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukitoka, mweupe kwanza, halafu wa manjano. Mbao ikaanza kubadilika rangi mbele ya macho yao, kama mkate unaoiva, na hapakuwa na mtu aliyelisogelea kwa hatua kumi.

"La ilaha illa Llah!" mtu akasema.

"Mchawi!" mwingine akasema, na watoto wakavutwa nyuma.

"Fungua!" Sajini akaamuru. "Fungua nione umeweka nini humo!"

"Usifungue, Afande, hewa—"

Jabiri alikwisha kuingiza ncha ya kirungu chini ya kioo na kukinyanyua. Moto ulipanda wote kwa mara moja, kama uliokuwa umejificha ukingoja mlango. Shada la kofia yake likaungua likanuka. Aliruka nyuma, akaanguka kwa matako, na hakuna hata mtu mmoja aliyecheka. Waliutazama moto ule ukila sanduku katika uwanja mtupu, juani, bila kiberiti, bila mkono wa mtu. Sanduku la pili, lile lenye maji, lilikaa pembeni zima.

Sajini aliinuka akajipangusa mchanga. Kisha akatoa daftari lake na ile penseli fupi.

"Nani kalitengeneza sanduku hili?"

"Mie, Afande. Mwinjuma bin Fakihi wa Mtoni."

"Na lile la nyumba iliyoungua?"

"Mie. Na mengine matano. Andika yote."

Sajini aliandika. Mwinjuma aliitazama ile penseli, na safari hii hakuongeza "lakini".

Siku ya pili Albano akaachiwa. Mwinjuma alikuwa akimngoja nje ya lango, amejiandaa kwa lolote. Albano alitoka, akajinyoosha mgongo, akamtazama tangu kandambili hadi kofia.

"Mzaramo," akasema, "nilijua mnapenda papa. Sikujua mnapenda hadi kumkaangia juu ya mapaa ya watu."

Mwinjuma alitaka kucheka, akalia. Albano alimwacha alie kidogo.

"Siku sita nimelala chini kwa ajili ya mdomo wako," akaendelea. "Nakudai jogoo. Tena mweupe."

"Nitakupa. Lakini kwanza nishikie ngazi."

Walikwenda nyumba kwa nyumba. Wenyewe walipinga. Mmoja alisema lake halina neno, halijawahi hata kutoa moshi. Mwingine alitishia kumshitaki. Mwinjuma hakubishana, alipanda, akafungua, akashusha, akawaonyesha upande wa chini, na kelele zikaisha. Kila sanduku lilikuwa limeungua kwa ndani, lingine kidogo, lingine sana. Kila moja kwa wakati wake lilikaa kavu siku moja au mbili, kwa safari, kwa koki mbovu, kwa pipa lililosahauliwa, na hakuna aliyejua.

La mwisho lilikuwa Temeke, juu ya nyumba ya wazazi, pale wanawake walipojifungulia. Mkunga wake, Tekla, mama mnene wa Bukoba mwenye saa kifuani, alitoka amekunja mikono ya gauni.

"Umekuja kuninyang'anya maji yangu ya moto, Fundi? Nina wazazi tisa humu ndani, na watoto sita wa kuogesha."

"Samahani, mama. Hivi maji yamo?"

"Yangekuwamo wapi? Bwana Mbu wetu wa huku Temeke kapita jana asubuhi, kaagiza pipa limwagwe. Nangoja wachota maji waje kulijaza. Tena nilitaka kukuuliza: sanduku lako linanuka. Tangu saa tano wazazi wangu wanatapika, wanasema kuna mtu anakaanga samaki."

Ilikuwa saa sita.

Mwinjuma hakungoja. Alivua shati akalichovya kwenye ndoo ya kufulia, akachukua na blanketi moja kutoka kwenye kamba, akalichovya nalo. Alipanda ngazi vidato viwili viwili huku Albano ameishikilia. Paa lilikuwa la makuti, limekauka, limekuwa jeupe kama mfupa. Hakukigusa kioo. Alilifunika sanduku lote kwa blanketi na shati vilivyolowa, akalizibia jua, akalilalia kwa kifua chake. Mvuke ukafuka. Akangoja, midomo ikitembea, hajui mwenyewe kama anaomba dua au anahesabu. Harufu ilififia taratibu mpaka ikaisha.

Ndipo alipokata bomba, akaliinua sanduku upande mmoja, akapitisha mkono chini yake, pale mbao zilipolalia makuti.

Kidole chake kilizama. Mbao ilikuwa imekuwa mkaa. Kidole kilipita, kikatokea ndani, kikagusa usumba uliokuwa bado na joto, na juu ya makuti palikuwa na alama nyeusi ya ukubwa wa sahani.

Chini yake, ndani, mtoto alianza kulia, kisha mwingine akamjibu.

"Mzaramo!" Albano akaita kutoka chini. "Vipi huko juu? Papa kaiva?"

Mwinjuma alibaki amekaa juu ya paa, mkono wake mweusi mbele ya macho yake, kisha akaunyoosha chini mtani wake auone.